Wimbo wa Yonatani

Mkono wa mwanamume ulilishika koti upande wa kola, mkono wa msichana ukalishika upande wa chini, na hakuna aliyetaka kuachia.

Ilikuwa siku ya kufungua marobota ya mivumba katika soko la Mbarara. Nguo kuukuu za Ulaya zilimwagwa juu ya turubai, na wanawake wakaziinamia kama kuku waliomwagiwa mtama. Hewa ilijaa vumbi la pamba na harufu ya dawa ya nondo. Koti lenyewe lilikuwa la ngozi nyeusi, limechubuka kwenye viwiko, na zipu zake zilikuwa kubwa kama meno ya mamba.

"Niliiona wa kwanza," alisema mwanamume.

"Kuona si kushika, kaka."

"Utaivala wewe? Itakufika ku magoti."

"Mimi sivae. Naenda kuiuzisha Kashojwa, kambini."

"Nani atanunua koti ya ngozi Kashojwa, na lile jua?"

"Mupumbavu mumoja hakosekane."

Mwenye mali, mama wa Kinyankore aliyeketi juu ya robota kama malkia, alipiga makofi. "Nyinyi wawili! Mutanunua ama mutaoana? Banange, watu wengine nasubiri!"

Watu wakacheka. Msichana akaona haya, lakini mkono hakuutoa. Alikuwa mrefu, mwembamba wa shingo, amevaa sketi ndefu ya marinda na sweta jeupe lililofungwa vifungo vyote, kama wasichana wa kwaya wanavyovaa. Jina lake Uwizeye. Mwanamume alikuwa mfupi kidogo kuliko yeye, mpana wa mabega, na mikono yake ilikuwa na madoadoa ya kuungua, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti ya chuma huko Ruti. Huyo ni Joël.

Uwizeye alikuwa mwepesi wa kutoa pesa. Alilipa, akalikunja koti, akalitia ndani ya mfuko.

"Jumamosi, siku ya posho, niko Kashojwa, pembeni ya kibanda cha kuchaji simu," alisema. "Ukiitaka, kuya uinunue kule."

"Kwa bei gani?"

"Itategemea sura yako siku ile."

Joël alikwenda. Alinunua koti kwa bei ya kuumiza, akalivaa palepale juani, jasho likamtiririka mpaka kidevuni, na Uwizeye akacheka mpaka akakaa chini juu ya nguo zake.

"Nilikuambia mupumbavu hakosekane!"

"Na mupumbavu anaomba namba ya simu."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Uwizeye alitoka milima ya juu ya Kivu Kusini, kwa wafugaji. Joël alitoka bondeni, karibu na Uvira, kwa wakulima. Huko kwao watu wa juu na watu wa chini walikuwa wamechomeana nyumba mpaka majivu ya hawa na ya wale hayakutofautika. Baba yake Joël, fundi wa magari, alikufa katika moto huo. Vijana hawa wawili walilijua hilo tangu siku ya kwanza, kwa majina na kwa lafudhi, na kwa muda mrefu hawakulitaja.

Walizungumza kwa simu, Joël akiwa gereji ya Ruti, Uwizeye akiwa mbele ya nguo zake.

"Chérie, umeuzisha?"

"Nimeuzisha suruali moja. Na wewe, umechoma geti ama umejichoma?"

"Nimejichoma. Nilikuwa nakuwaza."

"Mwongo wewe. Paka dawa ya meno."

Joël alimweleza habari ya albamu. Baba yake aliacha kanda za roki, muziki mzito wa gitaa za umeme, na katika kanda hizo Joël alijifunza kupiga gitaa. Sasa yeye na rafiki yake Constantin, mpiga ngoma, walikuwa wakirekodi albamu yao katika studio ya mtu mmoja aitwaye Gisa, chumba cha nyuma ya duka chenye magodoro ukutani. Nusu ya nyimbo zingekuwa nzito, za kupasua. Nusu nyingine zingekuwa za polepole, za moyo. Albamu ingeitwa *Moshi wa Mlimani*.

Alipomsikilizisha wimbo mzito wa kwanza, Uwizeye aliisogeza simu mbali na sikio.

"Joël, hii ni kama upepo unang'oa mabati ya nyumba, na watu wako ndani."

"Ndiyo hivyo nilitaka."

"Na kwa nini mutu atake kusikia ile?"

"Kwa sababu ilitokea."

Uwizeye akairudisha simu sikioni. Akamwomba ampigie wimbo wa polepole, na huo aliusikiliza mpaka mwisho. Baada ya majuma machache alikuwa anasimama katika studio ya Gisa, macho ameyafumba, akiimba kiitikio kwa sauti ile ile ya kwaya, na Constantin aliweka vijiti vyake chini akasema, "Jo, huyu usimuache."

Alasiri moja Joël alikwenda Kashojwa, hakumkuta Uwizeye mahali pake. Alimkuta kwenye kituo wanakopokelewa wakimbizi wapya, amesimama mbali, nyuma ya waya. Mabasi yalikuwa yanashusha watu: wanawake wenye magodoro kichwani, wazee, watoto waliotapika njiani. Mwanamke mmoja mzee, mwembamba, katika shuka la buluu, alipita mbele ya kila basi akimtazama usoni kila kijana anayeshuka. Akimaliza basi moja alikwenda lingine. Basi la mwisho lilipobaki tupu, alipanda ngazi zake akachungulia chini ya viti.

"Ni nani ule?" Joël aliuliza.

"Ni mama yangu," alisema Uwizeye. "Anatafuta Yonatani."

Walitembea kuelekea ziwani, ambako hapakuwa na masikio ya watu, na huko akamwambia. Yonatani alikuwa mdogo wake. Siku walipokimbia alikuwa malishoni, na mama yao, Mukarukundo, alivutwa kwa nguvu na majirani huku akimwita. Tangu wafike kambi hii ya Nakivale, hapa Uganda, hakukosa basi hata moja. Lakini mchungaji wa ng'ombe kutoka kijiji chao, Niyonshuti, alipita kambini akiwa safarini, akamweleza Uwizeye kando: Yonatani alipigwa risasi siku ile ile. Yeye mwenyewe ndiye aliyemzika, karibu na kijito. Ng'ombe mmoja tu, Gaju, alirudi nyumbani peke yake akasimama mlangoni.

"Na mama hajui?"

"Mama iko na ugonjwa wa moyo. Siku nitamwambia, nitakuwa nimezika wawili." Alikuwa anang'oa nyasi moja moja. "Kila basi likikuya, namuona anachana nywele. Anachana nywele, Joël, juu Yonatani asimuone mubaya. Sijaambia mutu. Ni wewe tu."

Joël alimshika mkono. Hilo alilifanya vizuri. Kilichofuata hakukifanya vizuri.

Maneno yalimjia akiwa anachomelea geti la mtu, cheche zikimrukia, na hakuweza kuyazuia. Siku iliyofuata aliyaimba studio, gitaa moja na sauti moja, Gisa akirekodi. Wimbo ulimsihi mama aache kuchana nywele, aache kwenda kwenye mabasi. Ulisema Gaju amerudi peke yake na Yonatani amelala kando ya kijito. Alipomaliza, Constantin alikuwa amegeukia ukuta. Joël alikusudia kumsikilizisha Uwizeye kwanza, amwombe ruhusa, na akikataa aufute. Alikuwa anangoja siku nzuri ya kumwambia. Gisa hakungoja. Aliona ameshika dhahabu, akaupeleka wimbo kwenye makundi ya simu ili kuitangaza studio yake.

Ulifika Kashojwa kabla ya jua kuzama.

Mukarukundo alikuwa amepeleka simu yake kibandani kuchaji. Vijana waliokuwa hapo walikuwa wamefungulia spika, na wimbo ukawa unatoka, na mmoja wao alikuwa anaufuata kwa kupiga vidole mezani. Mama yule alisikia jina la mwanawe. Kisha alisikia jina la ng'ombe.

"Rudisha," alisema.

Waliurudisha. Aliusikiliza wote, amesimama, mkono mmoja umeshika nguzo ya kibanda. Akasema asante, akaondoka, simu yake akaiacha pale.

Uwizeye alipotoka sokoni Mbarara na mzigo wake, alimkuta mama amelala kitandani, uso ukutani.

"Ulijua tangu lini?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Nini, Mama?"

"Mwanangu, usinifanye mutoto. Tangu lini?"

Uwizeye alipiga magoti kando ya kitanda akasema ukweli wote. Mama alisikiliza. Hakulia, hakumlaumu, hakuuliza tena. Akasema tu, "Watu wote wa hapa wamejua mbele yangu. Hata wale batoto ba kuchaji simu."

Uwizeye alitoka nje akampigia Joël simu.

"Uliuzisha mdogo wangu bei gani?"

"Uwi, nini... "

"Mama amesikia wimbo yako ku barabara! Ku barabara, Joël, na vijana wanacheza!"

Sauti ya Joël ikatoka kama ya mtu aliyepigwa tumboni. "Sikuutuma. Naapa. Ni Gisa..."

"Gisa ndiye nilikaa naye ku ziwa? Gisa ndiye nilimwambia?"

"Hapana."

"Ni nani?"

"Ni mimi. Uliniambia mimi."

"Basi."

Simu ikakatika, na kuanzia hapo kila Joël alipopiga haikuita.

Alikwenda kwa Gisa, akamkunja shati, na Gisa akaufuta wimbo mbele yake huku akilalamika kwamba anafuta bahati ya wote. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Wimbo ulikuwa katika simu za watu, kutoka kambi ya wanajeshi ya Makenke mpaka Kampala. Na kutoka Kampala akaja mtu mmoja, amevaa suti ya kubana na miwani ya jua, akakaa kwenye kiti pekee cha gereji.

"Mimi nataka hii albamu," alisema. "Nitalipa studio ya kweli, nitawapeleka kwa maredio, mutapiga Kampala, mutapiga Nairobi. Lakini wimbo wa Yonatani ndiyo nakuwa wa kwanza. Bila huo, sisi hatuna kitu."

Constantin alimtazama Joël. Alikuwa na mke na mtoto mchanga, na ngoma zake alikuwa ameziunga kwa waya.

"Huo wimbo haumo," alisema Joël.

"Ssebo, fikiria."

"Nimefikiria. Ile kifo iko na wenyewe."

Mtu wa Kampala alisubiri kidogo, akaona uso hauna mlango, akaondoka. Constantin hakuongea na rafiki yake siku kadhaa. Joël alirudi kwenye mageti. Alichomelea, alikula amesimama, alilala na nguo za kazi. Gitaa lilibaki kwenye kona na koti la ngozi limelifunika.

Kashojwa nako, siku zilikuwa nzito. Mabasi yalikuja, Mukarukundo hakwenda. Uwizeye, aliyekuwa ameomba miaka yote mama aache kwenda, sasa alitamani ainuke hata aende huko. Mama hakulia. Uji aliletewa ukapoa, ukaondolewa. Mchungaji Salvator wa kanisa lao alikuja akaomba, wanawake wa kwaya wakaja wakaimba, na mama aliwashukuru wote kwa sauti tupu. Nywele hakuzichana. Matandiko ya kilio yalitandikwa nyumbani, watu wakaketi wakalia, na mwenye msiba akawatazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwa jirani.

"Inafaa alie," Salvator alimnong'oneza Uwizeye. "Asipolia, itamuua."

Asubuhi iliyofuata mama aliita. "Yule kijana wa wimbo. Nataka akuye."

"Mama, yule mutu alikuumiza."

"Aliniumiza. Lakini ni yeye wa kwanza alimulilia mwanangu, na mimi mama yake sijamulilia bado. Mwite."

Uwizeye alikaa na simu mkononi mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia miguuni. Kisha akapiga.

"Uwi?" Sauti ya Joël ilipasuka.

"Mama anakuita. Si mimi. Mama."

"Nitakuya."

"Beba gitari."

Alifika alasiri, watu wakiwa wamejaa mpaka uani. Alikuja na gitaa lake la umeme, bafle ndogo, spika ya gitaa, na betri ya gari. Lingine hakuwa nalo. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vibaya. Baadhi ya wanaume walisikia lafudhi yake alipotoa pole, wakatazamana, na mmoja akauliza kwa sauti ya kusikika, "Watu wa bondeni wanakuya kufanya nini hapa?"

"Nimemwita mimi," alisema Mukarukundo kutoka mkekani. Wanaume wakampisha Joël.

Joël alipiga magoti mbele yake. "Mama, nilikukosea. Nilisema jambo halikuwa langu. Sikutuma ule wimbo, lakini niliimba, na hilo ndilo kosa."

"Nimesikia. Piga."

Alianza kupiga ule wimbo wa Yonatani, polepole. Hakufika mbali. Mama aliinua mkono.

"Wacha hiyo. Hiyo inasema Yonatani amelala. Mwanangu hakulala. Alikuwa mbio, alikuwa anaogopa, alikuwa ananiita, na mimi nilivutwa na watu nikaenda. Hiyo ni wimbo ya kubembeleza, na miye sitaki kubembelezwa." Alipumua kwa shida. "Uwizeye aliniambiaka uko na ingine. Yenye kung'oa mabati."

Joël aligeuka kumtazama Uwizeye. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, Uwizeye alimtazama machoni.

"Mama, ile ni kelele tupu," alisema Joël.

"Kelele ndiyo nataka. Iko humu," alijigonga kifua, "na haipate njia."

Mchungaji Salvator alisimama. "Mama yetu, hapa ni fasi ya kilio, si fasi ya..."

"Muchungaji, ni Mungu mwenyewe namupigia kelele. Ataniadhibu akitaka. Wacha kijana apige."

Salvator alibaki amesimama, kisha polepole akakaa.

Joël alipandisha sauti ya bafle mpaka mwisho, akaukunja uso, akapiga. Sauti ilitoka kama paa zima limeng'olewa kwa mkupuo. Kuku walitawanyika. Watoto waliziba masikio. Chuma kililia juu ya chuma, kikashuka, kikapanda tena, na Joël, aliyesahau kwamba yuko mbele ya watu, alikuwa analia machozi kwa ajili ya baba yake ambaye naye hakupata kilio.

Mukarukundo alifungua kinywa. Watu waliona mishipa ya shingo imesimama, waliona meno, lakini sauti hawakuisikia, kwa kuwa gitaa liliimeza. Alipiga kelele hivyo kwa muda mrefu, na hakuna aliyemsikia, na labda ndiyo sababu aliweza. Joël aliposimamisha nyuzi, gitaa likanyamaza na sauti ya mama ikabaki peke yake, imening'inia juu ya ua, ikiita jina moja.

"Yonatani! Yonatani we! Yonatani!"

Akaanguka mikononi mwa binti yake, na machozi yakamtoka kama ya mtoto. Wanawake wakaitikia. Mtu yule aliyeuliza habari za bondeni alikuwa ameinamisha kichwa kati ya magoti, mabega yanamruka.

Jua lilipolegea, mama alikunywa uji kidogo, akauliza kama mgeni amekula. Kisha akamwambia Uwizeye, "Musindikize. Njia ni ndefu."

Walitembea kuelekea barabarani, yeye amebeba gitaa, Joël amebeba betri na bafle. Vumbi jekundu lilipanda mpaka kwenye ndoo za wanawake waliotoka kuteka maji. 

"Sijakusamehe yote," alisema Uwizeye.

"Najua."

"Nikiona simu yako natetemeka bado. Nilikuwa nimekupa kitu kimoja tu cha kuficha."

"Najua, Uwi."

"Constantin alinipigia. Aliniambia habari ya mutu wa Kampala. Alikuwa amekasirika, akaniambia, 'Angalia bwana yako amefanya nini na maisha yetu.'" Akahamishia gitaa bega la pili. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefikiri nakuuzishia tena ule wimbo."

Hapo karibu Uwizeye acheke, akajizuia, kwa kuwa nyumbani kwao palikuwa na msiba. "Na albamu?"

"Itatoka pungufu. Hatutaenda fasi yoyote nayo. Tutapiga hapa hapa Ruti, watu watakunywa soda, watarudi kwao." Aliweka betri chini, akajifuta jasho. "Uwizeye, niko na neno. Najua si siku yake. Sikuulize leo. Kilio kikiisha, mwaka ukipita, hata miaka, nitakuya kwa mama kukuomba. Nitangoja."

Aliposikia neno hilo la mwisho, Uwizeye alisimama.

"Usiseme hivyo."

"Niseme nini?"

"Kungoja. Mimi nimeona kungoja, Joël. Nimeishi nayo nyumba moja. Nimeiona inachana nywele, inavaa shuka ya usafi, inaenda ku basi, inarudi. Ilikula mama yangu kila siku mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa na neno la kuimaliza na sikusema, juu nilifikiri ndiyo mapenzi." Machozi yalimshuka, hakuyafuta. "Sitakungojesha. Hata kama bado niko na hasira. Uliza sasa."

Watu wa maji walipita kati yao, wakawasalimu, nao wakaitikia.

"Utakubali nikuoe?"

"Ndiyo," alisema Uwizeye. "Ndiyo. Hakuna vigelegele, hakuna mutu wa kuambia leo. Siku ya furaha yake itafika yenyewe. Lakini jibu usiseme hukupata."

Hawakukumbatiana, barabara ilikuwa imejaa watu na Uwizeye alikuwa mfiwa. Alimkabidhi gitaa, vidole vyao vikakutana kwenye mkanda wake, vikakaa hapo kidogo. Gari la Mbarara lilikuja likiwa na mbuzi juu, likasimama, likamchukua.

Uwizeye alirudi peke yake. Kutoka mbali alisikia wanawake wakiimba nyumbani kwao, na katikati ya sauti zao ilikuwa sauti ya mama yake, imekauka, imechoka, inakosea maneno. Alijifunga kitenge vizuri kiunoni, akaingia, akakaa kando yake mkekani, akaanza kulia pamoja nao.